Nta Chini ya Michikichi

Aibu ya Inspekta Sia Mlay ilikuwa imekaa mlangoni mwa msikiti, Ujiji, tangu Ijumaa, na kila aliyepita aliiona. Ilikuwa jozi ya makubadhi ya ngozi, yaliyochakaa visigino, ya Mzee Abdulkarimu, mwalimu wa chuo aliyewafundisha Kurani nusu ya watu wa mtaa ule. Mzee aliyavua alipoingia kuswali, na alipotoka hakupewa nafasi ya kuyavaa. Sia alimtia pingu pale pale ngazini, waumini wakimiminika nje, akampandisha nyuma ya gari la polisi pekupeku na kanzu yake nyeupe, utadhani kibaka wa sokoni. Alichagua Ijumaa makusudi, ili waonekao wakubwa wajue sheria haina mkubwa. Na hakumsalimia.

Hilo la kutomsalimia lilimrudia baadaye, wakati hasira ya kazi imekwisha kupoa. Jumamosi alipita mahabusu akasema, "Shikamoo, Mzee." Mzee akatazama ukuta. Jumapili akasema tena, ukuta ukatazamwa tena. Sia alilelewa Moshi na bibi ambaye mtoto asiyeamkia hakupewa uji, na katika miaka yake yote hakuwahi kukutana na mzee aliyemnyima marahaba. Alijiambia mtuhumiwa ana kiburi. Makubadhi, aliambiwa na Koplo Noel, bado yako pale pale. Hakuna aliyethubutu kuyachukua. Walichofanya watu ni kuyapanga vizuri, yakaelekea barabarani, yakamngoja mwenyewe.

Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Sia alikuwa amesimama katika maabara ya udongo ya Daktari Januari, chumba kidogo chenye harufu ya dawa na mashine inayonguruma kama friji bovu. Januari si daktari wa watu. Ni Mpare aliyetumwa Kigoma kuchunguza mashamba ya kando ya barabara ya Kasulu, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokuwa na habari mbaya. Alikuwa ameifuta mara kadhaa.

"Sema tena," Sia alisema. "Taratibu."

"Udongo ulioniletea haukutoka kwenye shamba la Mzee Abdulkarimu."

Kesi yenyewe ilikuwa ya mashine ya boti. Bi Nasra, mwenye mitumbwi ya dagaa pale Ujiji, aliibiwa mashine yake, na mlinzi wake, Nuhu, akapigwa kasia la kichwa. Mpaka leo Nuhu alikuwa amelala hospitali hajui usiku wala mchana. Baada ya siku chache mashine ilionekana ufukweni Kibirizi, imeviringishwa turubai, imetelekezwa na mtu ambaye bila shaka aliona boti ya doria akaghairi kuivusha ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa imeshindiliwa udongo kila tundu, udongo wa shamba, si mchanga wa ufukweni. Kwa hiyo ilikuwa imezikwa mahali. Kitu kimoja tu kilikosekana, ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ambayo nahodha hujifunga mkononi. Sia alikwangua udongo, akautia kwenye mfuko, akaupeleka kwa Januari. Hadi hapo alikuwa amefanya kazi nzuri, na laiti angeishia hapo.

"Alhamisi uliniambia kwenye simu umeona mchikichi," Sia alisema.

"Nilikuambia nimeona nta ya mchikichi. Nikakuambia na nini tena?"

"Kwamba bado unaendelea."

"Na wewe?"

"Nikaendelea na mimi," alisema.

Januari alimvutia kiti. Kwenye meza palikuwa na karatasi mbili zenye mistari iliyopanda na kushuka kama safu ya milima. "Jani lolote limepakwa nta, Inspekta. Umeona maji yanavyoteleza kwenye jani la mgomba? Ndiyo hiyo. Jani likianguka likaoza, wadudu wa udongo wanakula karibu kila kitu, lakini nta inawashinda. Inabaki miaka na miaka. Na kila mmea una nta ya kipimo chake. Mimi naikamua kutoka kwenye udongo, naipima, najua nani ameota pale na ameweka kiasi gani."

"Kazi hii uliianza kwa ajili ya wezi?"

"Wezi!" Januari alicheka kidogo, kisha akakumbuka si wakati wa kucheka. "Niliianza kwa ajili ya kaboni. Tunataka kujua ile iliyomo ardhini imeletwa na nani, ni msitu wa zamani, ni mchikichi, au ni mazao ya juzi. Wezi umewaleta wewe."

"Turubai lilikuwa linanuka mawese," Sia alisema, akijua anashika unyasi. "Kila mtu alisikia harufu. Na mzee anakamua mawese."

"Afande, hapa Kigoma hata mfuko wangu wa kompyuta unanuka mawese. Mafuta ya tunda ni mgeni kwenye udongo. Yanamwagika leo, baada ya muda mfupi yameliwa. Nta ya jani ndiyo mwenyeji. Mimi simuulizi mgeni habari za nyumba." Aliweka kidole kwenye karatasi ya kwanza. "Huu ni udongo wa kwenye mashine. Nta ya mchikichi ipo, kweli, lakini ni kidogo. Iliyojaa ni ya mahindi. Na nimehakikisha kwa njia ya pili. Mahindi ni ndugu wa nyasi, yanakula hewa kwa namna yake, na kaboni yake ni nzito kidogo kuliko ya miti. Mchikichi, muhogo, maharage, wote hao kaboni yao nyepesi. Nta hii ni nzito. Ni mahindi, na ni mahindi ya misimu mingi."

"Na shamba la mzee?"

Januari alivuta karatasi ya pili. "Huu ni wa kwake. Mwaka jana alinikaribisha mwenyewe, nikachimba, akanipa na ndizi. Ni mchikichi mtupu, juu mpaka chini."

"Mahindi hakuna hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Sia alizitazama zile karatasi mbili kwa muda. Uso ulimwaka moto. Haikuwa hofu ya wakubwa, hofu hiyo ingekuja kwa wakati wake. Ilikuwa aibu, aibu ile ya utotoni ya kukamatwa umesema uongo mbele ya wageni, na mbaya zaidi hapakuwa na mtu wa kumtupia. Haraka ilikuwa yake, na pingu alizifunga kwa mkono wake.

"Na mimi nina langu," Januari alisema kwa sauti ya chini. "Sikutakiwa kupiga simu kabla sijamaliza. Nilifurahi tu kuwa kazi yangu ina faida kwa mtu."

"Usiniongezee, Daktari. Hili langu linanitosha."

Nje, Koplo Noel alikuwa amejilaza kwenye kiti cha gari. Noel ni mwenyeji wa Kasulu, Muha wa kuzaliwa, mtu wa kuamini anachokigusa. Alisikiliza habari za nta mpaka mwisho, kisha akaguna.

"Afande, si upepo huo? Majani ya mahindi ya jirani yanapeperuka, yanaangukia shambani kwa mzee."

"Upepo haufukii. Udongo niliompa Daktari niliukwangua chini kabisa, kwenye mguu wa mashine, kwenye propela. Huo ulitoka shimoni. Tena shamba lote la mzee lingepata upepo huo huo, na halina."

"Basi tunatafuta mahindi. Mkoa mzima huu ni mahindi."

"Mahindi yenye michikichi michache ndani yake. Si mkoa mzima."

Alimpigia simu mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza kwa subira ya mtu mwenye mgeni ofisini. Kesho saa tatu, alisema, faili linakwenda mahakamani, unyang'anyi wa kutumia silaha. Sia alijua maana yake kama alivyojua jina lake. Shitaka hilo halina dhamana. Na Nuhu akifa litakuwa jingine, zito zaidi. Mzee wa umri ule akiingia rumande kesho, huenda makubadhi yale yangeozea mlangoni.

"Nta siwezi kumpelekea hakimu peke yake," mkuu alisema. "Niletee mtu."

Waliendesha kwenda Kidahwe, liliko shamba la mzee. Njiani Sia alirudia kichwani kila alichoambiwa na shahidi wake mkuu, kwa sababu alikuwa naye, na alikuwa shahidi mzuri. Jina lake Anatoli, mkulima wa Kidahwe ambaye msimu wa dagaa hushuka Ujiji kufanya vibarua vya kuvuta mitumbwi. Alikuja kituoni mwenyewe, kofia mkononi, aliposikia polisi wanauliza habari za michikichi. Alisema siku ile ya wizi alimwona Mzee Abdulkarimu kule Kidahwe jioni, na mzee alikubali, alikwenda kukata chikichi. Alisema mzee na Bi Nasra waliwahi kugombana, na wote wawili walikubali. Ijumaa asubuhi aliwapeleka mpaka shambani, akasimama kwenye mabua ya mahindi, akanyoosha mkono. "Hiyo michikichi yote mnayoiona ni ya Mzee Abdulkarimu." Sia aliuliza mtu wa pili, akauliza wa tatu. Ni ya mzee, walisema. Shahidi hajawahi kusema neno likakutwa si kweli.

Anatoli alisimama kwenye mabua ya mahindi. Sia alijiuma mdomo.

Nyumba ya Anatoli ilikuwa nyuma ya shamba hilo hilo. Mkewe, Veneranda, alikuwa uani akimenya mihogo, kanga kiunoni. Alipoona gari la polisi aliinuka akapangusa mikono, hana wasiwasi, maana mumewe na polisi wameshakuwa marafiki.

"Mwakeye, mama," Noel alimsalimia kwa Kiha, na uso wa mama ukafunguka. Wakajibizana hapo habari za watoto na za mvua. Anatoli, alisema, ameenda dukani kufuata sukari, atarudi sasa hivi. Wakaribie.

"Asante, mama," Sia alisema. "Tunatazama shamba kidogo."

"Tazameni. Hata yule daktari wa udongo aliwahi kupita pita huko barabarani."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama makavu mpaka kwenye ukingo. Kati yake, hapa mmoja na pale mmoja, ilisimama michikichi mirefu ya zamani. Ng'ambo ya kijito ndipo lilipoanza shamba la michikichi lenyewe, limefungana, giza chini yake. Sia aliyatazama yote mawili. Ilikuwa ni zile karatasi mbili za Januari, zimesimama wima.

"Mama, samahani. Hii michikichi iliyo humu kwenye mahindi ni ya nani?"

"Hii? Ya Mzee Abdulkarimu."

Noel alijipiga kofi pajani. "Afande! Si nilisema? Ni ya mzee vile vile. Ng'ambo ni yake, huku ni yake. Alichimba huku."

Kwa muda mfupi Sia alijisikia vyema. Alijisikia vyema kabisa, na hilo lilimtia haya baadaye kuliko mengine yote, kwamba moyo wake ulirukia kwa furaha kule kumkuta mzee na hatia. Alikuwa tayari kugeuka. Kisha akamwona Veneranda anamtazama Noel kwa mshangao, kama mtu aliyesikia mgeni anasema jambo la kuchekesha bila kujua.

"Na mahindi, mama?" Sia aliuliza.

"Mahindi yetu."

"Mnakodi kwa mzee?"

"Kukodi! Shamba si letu? Baba yake Anatoli alilima hapa, na babu yake." Veneranda alicheka. "Mti ni wa aliyeupanda, mwanangu. Baba yake mzee aliomba, akapewa, akapanda. Basi michikichi inafuata watoto wake, ardhi inafuata watoto wetu. Yeye anakuja kukata chikichi zake anaondoka. Sisi tunalima chini. Ndiyo desturi ya huku. Hakuna asiyejua."

Noel alikuwa ameinamisha kichwa. "Hata kwetu Kasulu ni hivyo," alisema polepole. "Afande, nisamehe. Najua jambo hili tangu mtoto. Uliuliza michikichi ya nani, na mimi nikasikia jibu, basi."

Wote waliulizwa michikichi ya nani. Wote walijibu kweli. Mgeni kutoka Moshi, ambako mwenye kihamba, shamba la ukoo, ndiye mwenye migomba na kahawa iliyomo, aliuliza mti akadhani ameuliza ardhi. Na mtu mmoja, aliyesimama juu ya ardhi yake mwenyewe akinyoosha mkono juu, alijua fika kwamba mgeni anauliza vibaya, akamwacha aulize.

"Mama," Sia alisema, "una jembe?"

Veneranda alileta jembe lake mwenyewe, akamkabidhi Noel kwa mikono miwili.

Haikuwa kazi ya kutafuta. Shambani kote mabua yalisimama, ila chini ya mchikichi mmoja wa katikati yalikuwa yamelazwa, rundo zima, kama mtu aliyetandika mkeka juu ya doa. Noel aliyaondoa. Udongo wa chini ulikuwa laini, jembe likazama bila kulazimishwa. Alichimba taratibu, akivuta udongo pembeni, mpaka kitu chekundu kikajitokeza, kimejisokota kama nyungunyungu. Sia alipiga magoti akakiokota kwa plastiki. Ilikuwa kamba ya kuzimia mashine, na kwenye klipu yake Bi Nasra alikuwa amekwaruza herufi ya jina lake.

Sia aligeuka. Veneranda alikuwa ameiona kamba. Mchuuzi yeyote aliyefika mwalo wa Ujiji, mitumbwi inakoshushia dagaa, anaijua kamba ile, na mashine ya Bi Nasra ilikuwa habari ya mkoa mzima. Mama yule alivuta ncha ya kanga, akaipandisha juu, akajifunika uso wote.

"Jembe ni langu," alisema ndani ya kanga. "Nimewapa kwa mkono wangu."

Sia alitamani ardhi immeze. Ilikuwa mara ya pili ndani ya siku chache anamvua mtu nguo, na safari hii aliyevuliwa alikuwa amemkaribisha kwanza.

"Mama, hujakosa kitu."

"Majirani wataniuliza."

"Waambie polisi wamemwomba aje aongeze maelezo. Ni kweli, na hamna zaidi ya hayo ya kuwaambia leo."

Anatoli alitokea kwenye kijia na sukari yake kwenye mfuko. Aliona gari, akatabasamu. Aliona shimo. Tabasamu lilibaki pale pale mdomoni, likasahaulika. Hakukimbia. Noel alikwisha kumkaribia, mkono kwenye pingu, na Sia akatikisa kichwa. Noel akazirudisha mfukoni.

"Sikusema uongo hata mara moja, Afande," Anatoli alisema.

"Najua. Nimeyapitia maneno yako yote, hayana uongo."

"Niliulizwa michikichi ya nani."

"Na nani aliyekuwa Kidahwe jioni ile. Na nani aligombana na Bi Nasra. Hukuulizwa nani alizika mashine shambani kwako. Sasa nakuuliza."

Anatoli aliitazama ile michikichi, mmoja baada ya mwingine. "Hii miti inaninyima mahindi tangu nizaliwe. Kivuli chake, mizizi yake. Siwezi kuikata, si yangu. Mzee akiondoka hana mtoto wa kiume wa kuikwea, nani atakuja kukata chikichi?" Alimeza mate. "Mashine niliichukua kwa shida zangu. Hilo la mzee lilikuja lenyewe. Ninyi ndio mlioanza kuuliza habari za michikichi. Mimi nilijibu."

"Na Nuhu?"

Hapo kichwa kilianguka. "Alinijua. Aliniita jina. Sikukusudia kumpiga vile. Amefumbua macho?"

"Bado."

Anatoli alimkabidhi mkewe ule mfuko wa sukari. Veneranda aliupokea bila kushusha kanga. Walipita naye nyuma ya nyumba, kwenye kijia cha kijito, akatembea kati yao mikono huru kama mtu aliyeomba lifti ya mjini. Jirani mmoja alisalimia kwa mbali, nao wote watatu wakaitika.

Kituoni mkuu aliisoma taarifa, akaitazama kamba, akashusha pumzi ndefu. Alikuwa mtu wa kuona mbali. "Mzee aachiwe," alisema. "Ila subiri giza liingie. Apitie mlango wa nyuma, gari limpeleke hadi kwake. Hatutaki maneno ya watu."

"Tulimleta mchana, Mkuu."

"Ndiyo maana nasema usiku."

"Nitamrudisha mchana," Sia alisema. "Ukitaka kuniandikia barua, niandikie. Mimi ndiye niliyemleta."

Mkuu alimtazama, akairudia kamba, akalifunga faili.

Mzee Abdulkarimu alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, kanzu imechafuka, nyayo zimepasuka. Binti yake Zaitun, mama mtu mzima, alikuwa nje ya vyuma na bakuli la chakula ambacho mzee hakukigusa. Sia alifungua mlango mwenyewe, akachuchumaa ili asisimame juu yake.

"Shikamoo, Mzee."

Ukuta ukatazamwa.

"Mzee, nimekosea. Mashine haikuzikwa shambani kwako. Tumempata aliyefanya na amekiri. Uko huru. Nimekosea mimi, si mtu mwingine, na ninakuomba radhi."

Zaitun alianza kulia. Mzee aliinuka kwa kushika ukuta, akakataa mkono wa Sia, akakataa wa binti yake pia. Zaitun alimwekea miguuni kandambili mpya alizonunua njiani. Mzee akazisogeza kando kwa kidole cha mguu.

"Mimi nina viatu vyangu," alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza Sia kuyasikia kwake tangu Ijumaa. "Viko nilipoviacha."

"Baba, gari lipo," Zaitun alisema.

"Gari nilishapanda. Huyu bibi atanisindikiza kwa miguu."

Wakatoka mlango wa mbele. Kutoka kituoni mpaka msikitini si mbali, lakini jioni ile, jua bado kali na sare yake imemganda mgongoni kwa jasho, Sia aliona barabara haiishi. Watu waliacha kupima dagaa. Fundi cherehani alisimamisha mguu. Mzee alikwenda pekupeku, polepole, akiitika salamu kushoto na kulia, na kila aliyemsalimia alimtazama yeye kwanza, kisha akamtazama afande.

Alasiri ilikuwa imemalizika, watu wachache wakitoka. Mzee alipanda ngazi mpaka mlangoni; makubadhi yalikuwa pale, yamepangwa, yameshika vumbi. Sia alisimama chini ya ngazi ile ile, akavua kofia ya sare.

"Jamani," alisema. "Ijumaa nilimkamata Mzee Abdulkarimu hapa. Hakuwa na kosa lolote. Sikuuliza vizuri, na sikusubiri. Nilimdhalilisha mtu safi mbele yenu, na hapa hapa namwomba radhi." Alimgeukia mzee, akainama mpaka goti likagusa ngazi. "Shikamoo, Mzee."

Walisikia wote. Mzee aliwatazama wale watu, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Kisha akayatazama makubadhi yake, muda mrefu. Hakuyavaa.

"Ijumaa walijaa mpaka barabarani," alisema. "Hawa ni wachache. Wengine wamelala na habari yako tangu siku ile, wamekwenda nayo mwaloni, wamekwenda nayo Rusimbi, wamevuka nayo ziwa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomliza Sia. "Huyo mliyemchukua leo, mmemchukuaje?"

"Kimya, Mzee. Kwa kijia cha nyuma. Bila pingu."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akikubali.

"Basi njoo Ijumaa, mwanangu. Uje baada ya swala, usimame hapo hapo, uniamkie. Nitakuitikia, na viatu vyangu nitavivaa."

Alimshika Zaitun mkono, akashuka ngazi pekupeku, akaelekea nyumbani kwake.